Nyimbo za Kubembeleza na Sinema za Kweli: Tuweke Nini Katika Kabati la Maktaba?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Shinyanga)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, na ninyi wenzangu ambao tulikula pamoja ugali wa unga wa yanga katika bwalo la shule mwaka 1974,

Natambua kwamba mtu asimamaye baada ya chakula cha mchana kuzungumza juu ya maktaba ana kazi ngumu, na mada yangu yenyewe yahusu nyimbo za kulaza watoto. Kwa hiyo mkisinzia sitakuwa na haki ya kulalamika.

Kamati yenu ilinikabidhi fedha zilizochangwa na wanachama, ikanitaka nichague nyimbo na filamu za kuwekwa mahali pawili: maktaba ya shule yetu, na chumba cha kusomea kilichofunguliwa katika kitongoji kimoja cha wachimbaji wadogo huko Geita, ambako wenzetu wawili waliostaafu ualimu wanakisimamia. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu nilifanya kazi ya ukutubi kwa zaidi ya miaka 30, na pia kwa sababu siku ile sikuhudhuria kikao. Nilipoleta orodha ya kwanza, mjumbe mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa ameketi safu ya mbele, aliuliza: "Ndugu, sisi tumechanga fedha za vijana wa sekondari, wewe unatuletea nyimbo za yaya?" Wajumbe wakacheka, nami nikacheka. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na leo nimekuja kulijibu. Nitasema pia juu ya filamu za mambo ya kweli, zile ambazo siku hizi huitwa filamu za makala, kwa maana vitu hivi viwili vina shida moja ambayo vitabu havina, au vinayo kidogo tu. Ndani ya kila wimbo ulionaswa mna sauti ya mtu fulani, na ndani ya kila filamu ya kweli mna uso wa mtu fulani. Mtu huyo ana nyumba, ana majirani. Basi mimi, kila ninapochagua, hujiuliza: je, mtu huyu akiingia kwa mlango ule na kuketi benchi la nyuma, ataweza kuketi kwa amani? Swali hilo sikulitoa chuoni. Nililipata kwa kosa langu mwenyewe, na kosa hilo nitalieleza.

Wengi wenu mnakumbuka sinema ilivyotufikia sisi. Gari liliingia uwanjani saa kumi na mbili, jenereta likaanza kunguruma, shuka nyeupe ikafungwa baina ya miti miwili. Tuliona mbolea, tuliona mbu mkubwa kuliko ng'ombe, na mwisho, kwa bahati, tuliona mpira. Desturi hiyo ilikuwa ya zamani kuliko sisi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa sinema za mafunzo kule Vugiri, katika milima ya Usambara, ulioendeshwa na Major Notcutt na wenzake. Walitengeneza filamu 35 juu ya minyoo, kilimo, kodi na mambo kama hayo, wakazizungusha kwa lori katika Tanganyika na nchi za jirani. Hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalipigwa kwa santuri pembeni. Leo ni chache mno zilizosalia. Waliopigwa picha walikuwa watu wetu, lakini aliyechagua nini kionyeshwe hakuwa mmoja wao, na mazoea hayo hayakwisha na bendera ya mkoloni.

Kwa upande mwingine, Kanda yetu ya Ziwa iliwahi kuwa mbele. Kuanzia mwaka 1968 hadi 1972 mradi mkubwa wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, uliosaidiwa na Unesco, ulifanyika katika mikoa minne: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi. Maktaba za vijijini zilitokana na jitihada zile, na mwaka 1974 likaanza gazeti la *Elimu Haina Mwisho*. Marehemu baba yangu alijifunza kusoma kwa mradi ule, na gazeti lile alilisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka tukatamani angebaki bila kisomo. Nalitaja jambo hili kwa sababu wakati ule tuliona wazi kwamba mkulima aliyemaliza kisomo anahitaji kitu cha kusoma. Hatukuona kwamba mkewe, aliyeimba jikoni, alikuwa na kitu ambacho maktaba ilikihitaji.

Sasa nije kwenye nyimbo za kubembeleza, ambazo walimu wa fasihi huziita bembelezi.

Mtu mwenye fedha anaweza leo kununua nyimbo za namna hii kutoka pande zote za dunia. Shida ni kwamba nyingi zilizopakiwa vizuri hazifai. Kampuni huchukua mwimbaji hodari, ikamweka studio, ikamzungushia vinanda na kengele, ikaandika juu ya jalada kwamba huu ni usingizi wa Afrika au wa Asia. Ipo, mathalani, *African Dreamland* ya kampuni ya Putumayo, ya mwaka 2008. Ni muziki mtamu, na mzazi aliyechoka ataushukuru. Lakini mkutubi hatafuti utamu peke yake. Hutaka kujua aliyeimba ni nani, wa wapi, kwa lugha gani, na maneno yana maana gani. Santuri isiyojibu maswali hayo manne mimi huirudisha, hata kama jalada lake lina picha nzuri ya mbuyu.

Moja nililolipitisha, pamoja na mashaka kidogo, ni mkusanyiko wa mwaka 2004 uitwao *Lullabies from the Axis of Evil*. Mnakumbuka kwamba mnamo Januari 2002 Rais Bush wa Marekani aliziita Iraq, Iran na Korea Kaskazini mhimili wa uovu. Mnorwe mmoja, Erik Hillestad, akaona njia ya kumjibu: akatafuta wanawake wa nchi hizo, na wa nchi nyingine zilizokuwa zikitazamwa kwa jicho baya, kama Syria, Cuba na Afghanistan, akanasa nyimbo wanazowaimbia watoto wao. Mashaka yangu ni kwamba baadaye waliongezwa waimbaji wa nchi za Magharibi waitikie kwa Kiingereza, kana kwamba mama wa Baghdad hawezi kusikika mpaka ashikwe mkono. Hata hivyo sauti za akina mama zile zipo, na zatosha.

Kuna sababu nyingine ya kuweka nyimbo za mbali, nayo imethibitishwa na wataalamu. Mwaka 2018 Samuel Mehr na wenzake, waliokuwa Chuo Kikuu cha Harvard, walitoa matokeo ya uchunguzi ambamo watu 750 wa nchi 60 walisikilizishwa vipande vya sekunde 14 vya nyimbo kutoka jamii 86 ndogo ndogo za dunia. Hawakuijua lugha, wala hawakuambiwa wimbo ni wa nini. Wimbo wa kucheza waliutambua. Wimbo wa kubembeleza waliutambua. Wimbo wa mapenzi uliwashinda. (Ndugu Mwenyekiti, naona wenzangu wa bweni la pili wanacheka, bila shaka wanakumbuka barua zao.) Uchunguzi mwingine wa watu hao hao, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba hata watoto wachanga wa Kimarekani wakisikia bembelezi za lugha ngeni mapigo ya moyo hupungua, kuliko wakisikia nyimbo ngeni za aina nyingine.

Mimi si mtaalamu wa mapigo ya moyo, lakini nilifanya jaribio langu dogo. Nilikwenda Geita na simu yenye nyimbo sita, nikaketi na akina mama waliokuwa wakingoja kupima watoto kliniki. Geita, mnajua, ni mahali pa watu wa kila namna. Dhahabu ilichimbwa pale na Waingereza tangu miaka ya 1930, mgodi ukafungwa mwaka 1966, ukaja kufunguliwa mgodi mwingine mkubwa mwaka 2000, na pembeni yake, Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu, kuna maelfu ya wachimbaji wadogo waliotoka kila pembe ya nchi. Katika benchi lile moja palikuwa na Msukuma, Mha, Mzinza, Mkurya, na dada mmoja wa Singida. Nikapiga wimbo wa mama wa Iran. Hapakuwa na aliyesema neno. Kisha yule wa Singida akaanza kumpigapiga mtoto wake mgongoni, taratibu, kwa kuufuata wimbo, wala sidhani kama alijua kwamba anafanya hivyo. Nilipouliza huu ni wimbo wa nini, Mkurya akanitazama kwa huruma, akasema: "Mzee, hujawahi kulea?"

Basi, hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa ndugu yangu wa safu ya mbele. Katika kitongoji ambacho majirani hawana lugha ya nyumbani moja, hiki ni kitu ambacho wote wanakijua.

Jibu la pili ni zito zaidi, nalo lahusu nyimbo zetu wenyewe.

Usukuma si nchi iliyosahauliwa na wanasa sauti. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyefanya makao Afrika Kusini, alizunguka Tanganyika na vyombo vyake, akanasa muziki wa makabila mengi, Wasukuma na Wanyamwezi wakiwamo. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika, ijulikanayo kwa kifupi kama ILAM, ambayo sasa iko Grahamstown, mji ambao siku hizi unaitwa Makhanda. Kama mkutubi namheshimu mtu yule kwa jambo moja: kila santuri ilikuwa na kadi yake, na kadi ilieleza mwimbaji, lugha, mahali na maana. Hapa kwetu Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa serikali wa mila, alikusanya mengi kabla ya kufa kwake mwaka 1962, na hati zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Padri David Clement, Mkanada, alianzisha makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza, ambako ngoma za Bagika na Bagalu zimehifadhiwa. Na mwaka 2010 Frank Gunderson, Mmarekani, alitoa kitabu kinene juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, nyimbo mamia, pamoja na maneno na tafsiri.

Sasa hesabuni: ngoma, nyimbo za kulima, nyimbo za wawindaji wa nyoka na nungu, nyimbo za mashindano. Katika yote niliyowahi kuyasikia mimi, sehemu ya nyimbo za kubembeleza ni ndogo mno. Wala si ajabu. Mnasa sauti alikuwa mwanamume, alifika mchana, akakutana na mwenyekiti au mtemi, akaonyeshwa kilicho uwanjani. Wimbo wa kubembeleza huimbwa jioni, ndani, na mtu mmoja, kwa sauti ya chini, na hukoma pale unapofaulu. Nani atamwita mgeni aje ausikie?

Mwaka 1983 nilijiona nina akili. Nilikuwa kijana katika kazi, nikaazima kinasa sauti, nikaenda kijiji kimoja upande wa Kahama kwa mama mkubwa wa mama yangu. Alikuwa mzee sana, na macho yake yalikuwa mekundu, kama ya wanawake wengi waliopikia samadi ya ng'ombe miaka 60 katika nyumba isiyo na dirisha. Nilimwamkia "Mwangaluka, mayu", nikamweleza ninachotaka. Alicheka sana. Kisha akaimba nyimbo sita, mchana kweupe, huku anachambua kunde. Nilipompigia asikie sauti yake alinyamaza muda mrefu, akaniambia maneno ambayo sikuyatia maanani: "Usiipige usiku. Na usiipige mahali ambapo mimi sipo."

Nilidhani ni woga wa mtu asiyezijua mashine. Miezi michache baadaye nilirudi kijijini pale kwa arusi. Jioni, kilabuni, nikatoa kaseti ile ili niwaonyeshe vijana wenzangu kazi ya maktaba. Mara ya kwanza walicheka. Kisha mmoja akauliza: "Bibi mwenyewe yuko wapi?" Nikasema yuko kwake, amelala. Sauti ya mwanamke mzee ilikuwa inaimba gizani, yeye mwenyewe akiwa amelala nyumbani kwake. Kicheko kikaisha, watu wakaondoka mmoja mmoja.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Shinyanga miaka ile ilikuwaje. Wazee wanawake wenye macho mekundu waliuawa kwa mapanga katika wilaya zetu kwa tuhuma za uchawi, miaka ya 1970, ya 1980, na baada yake. Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameliandika jambo hilo kwa kirefu. Wiki tatu baada ya arusi ile bibi yangu aliokota karatasi mlangoni. Hakujua kusoma, mjukuu akamsomea. Usiku ule ule alitolewa kwa baiskeli, akapelekwa kwa binti yake upande wa Geita, na huko akakaa mpaka alipofariki kwa maradhi ya uzee mwaka 1991. Shamba lake na miembe yake hakuviona tena. Hakuna aliyenilaumu mbele ya uso wangu. Yeye mwenyewe nilipokwenda kumwomba radhi aliniuliza kama nimekula.

Kaseti niliitia katika sanduku, na sanduku sikulifungua kwa zaidi ya miaka 30.

Ndugu Mwenyekiti, nimeeleza habari hiyo kwa ruhusa ya ukoo, nikiacha jina na kijiji. Nimeieleza kwa sababu naona wasomi wengi, nami nilikuwa mmoja wao, hudhani kwamba kuhifadhi ni wema daima.

Nije kwenye filamu. Hapa nitapita haraka katika baadhi ya mambo. Yapo ya sheria: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 zinatuhusu tunapoonyesha filamu hadharani, na kununua diski moja hakumpi mtu haki ya kuita kijiji kizima. Mweka hazina atusaidie kwa barua. Yapo ya lugha: filamu karibu zote husemwa kwa Kiingereza, na watazamaji wetu wamezoea mambo ya vibanda vya video, ambako marehemu Lufufu na waliomfuata hutafsiri juu kwa juu na kuongeza chumvi. Nampenda Lufufu kwa sinema za karate. Filamu ya mambo ya kweli isitiwe chumvi. Napendekeza mwalimu atayarishe tafsiri kwa maandishi kabla ya siku.

Mgogoro mkubwa katika kamati ulikuwa juu ya *Darwin's Nightmare*, filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004. Inahusu sangara wa Mwanza, ndege za mizigo, makahaba, watoto wa mitaani, na dokezo kwamba ndege zinazochukua minofu huja na silaha. Ulaya ilipata tuzo, ikateuliwa pia kugombea Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliishutumu waziwazi, na huko Ufaransa mwanahistoria mmoja aliandika kuipinga. Mjumbe mmoja alisema filamu iliyotutukana isiingie maktabani kwetu. Mimi nilipiga kura iingie. Filamu iliyotazamwa na dunia nzima juu ya watu wa ziwa letu, halafu watu wa ziwa wenyewe wasiione, hiyo ndiyo dharau kubwa zaidi. Ila niliweka sharti: iwekwe bahasha moja pamoja na hotuba na makala zilizoipinga, na kijana asiazimishwe kimoja bila kingine. Kwa upande wa ufundi naiona ni filamu ya nguvu. Kwa upande wa ukweli, juu ya jambo la silaha, inaonyesha kidogo kuliko inavyodokeza. Vijana wa kidato cha tano wataliona hilo wenyewe wakiachiwa waone.

Ya pili ni *In the Shadow of the Sun* ya Harry Freeland, ya mwaka 2012, juu ya maisha ya watu wenye ualbino katika mikoa yetu. Inamfuata Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, akienda kuzungumza na watu ana kwa ana, na kijana mmoja wa Ukerewe anayetaka kusoma. Mnafahamu kwa nini jambo hili ni letu. Kuanzia mwaka 2007 mauaji yalipamba moto; waganga walidanganya watu kwamba viungo vya binadamu huleta dhahabu na samaki; mwandishi Vicky Ntetema aliwafichua kwa BBC mwaka 2008; na Septemba 2009 Mahakama Kuu ilitoa Kahama hukumu ya kwanza ya kifo kwa wauaji. Ni filamu njema, na nilitaka ionyeshwe shuleni wiki ya kwanza. Lakini mwalimu mmoja aliniambia kwamba darasani mwake yumo mvulana mwenye ualbino. Nikakumbuka kilabu kile. Tukamwendea mvulana na mzazi wake, wakaitazama kwanza peke yao, nyumbani kwa mwalimu. Baba alitaka ionyeshwe. Mvulana alikubali, akaongeza kwamba siku hiyo taa zisizimwe zote, na yeye atakaa karibu na mlango pamoja na rafiki zake wawili. Tulifanya hivyo. Projekta ilififia kidogo kwa sababu ya mwanga, na mimi sikuona hasara.

Ya tatu ni ya zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti, pamoja na picha za video, juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu, Geita, Shinyanga na Mbeya. Mwaka huo huo mataifa yalipitisha mkataba wa Minamata juu ya zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwa wenzangu wa mijini, kazi yenyewe ni hivi: jiwe linasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa, zebaki inamiminwa na kukorogwa kwa mkono mpaka inanasa chembe za dhahabu, kisha donge lile linachomwa motoni ili zebaki iondoke. Haiondoki. Inageuka moshi, na moshi huo huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa kila aliye karibu. Nayo huharibu ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya mtoto mchanga. Aghalabu donge huchomwa nyuma ya nyumba, au jikoni. Mama anayechoma mara nyingi ana mtoto mgongoni, na mtoto akilia humwimbia. Filamu hii ndiyo pekee niliyoagiza nakala mbili.

Mjukuu wa yule bibi yangu ni mmoja wa akina mama hao. Nilimkuta mwaloni mwaka jana, ana watoto watatu, wa mwisho mgongoni. Nilikuwa nimeipeleka kaseti ile kwa kijana mmoja wa Mwanza, akaihamishia kwenye flashi. Utepe ulikuwa umeanza kunata, lakini nyimbo zote sita zilitoka. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya kilabuni, ambayo yeye aliijua vizuri kuliko nilivyodhani. Nikampa vipokea sauti vya masikioni. Akasikiliza amesimama, mikono ina tope. Wimbo wa tatu ulipofika akaanza kuufuata kwa midomo. Aliniambia kwamba huo humwimbia mtoto wake kila siku, ila pale bibi alipotaja ng'ombe wanaorudi zizini, yeye hutaja karasha linalozimwa jioni. Hakujua kama umetoka kwa bibi. Alidhani ameupata kwa mama yake.

Nikamwomba ruhusa ya kuziweka nyimbo maktabani. Hakujibu siku ile. Nilirudi mara mbili, na mara ya pili kaka zake walikuwapo. Nikawaeleza juu ya wale wa ILAM, ambao mwaka 2014 walirudi Kenya kuwapelekea Wakipsigis nyimbo zilizonaswa mwaka 1950, na wakamkuta mzee mmoja aliyeimba wakati ule bado yu hai. Mmoja wa kaka zake akasema: "Wa kwetu hayuko hai." Nikanyamaza. Mwishowe walikubaliana nyimbo ya pili, ya tatu na ya tano ziingie. Ya kwanza na ya nne hapana, kwa sababu zina majina ya watu. Na ya sita ni ya msiba wa mtoto, ibaki nyumbani. Kila nyumba ya ukoo ipewe nakala ya zote. Nami nikamwonyesha mjukuu filamu ya zebaki, katika simu, nyuma ya duka. Aliniuliza mtu atachoma wapi basi, kama si nyumbani, na nani atamlipia chombo kile cha kukusanya moshi. Nimelileta swali hilo mbele ya kamati, na naomba liingizwe katika ajenda ya kikao kijacho, kwa maana fedha za filamu zimebaki kidogo.

Orodha kamili mtaipata kwa Katibu. Namba ya mwisho katika orodha ni nyimbo hizo tatu. Kadi yake nimeiandika kwa mkono, kama tulivyofundishwa, nayo inasomeka hivi:

"Nyimbo tatu za kubembeleza, Kisukuma. Mwimbaji: mwanamke mzee, jina na kijiji vimezuiwa na ukoo. Zilinaswa mchana, 1983. Maneno na tafsiri yamo ndani ya bahasha. Zaweza kusikilizwa na yeyote katika chumba cha kusomea. Zisipigwe hadharani jua likishatua."

Ndugu Mwenyekiti, naomba kuishia hapo, niwapishe wenye maswali.